Nani Alisokota Uzi? Mwanamke na Ahadi ya Mtandao: Tafakuri Kutoka Njiru

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuuliza ni nani anayesema katika matini. Katika insha hii nanuia kuuliza swali jirani yake, ambalo aghalabu tunalipita bila kulitazama: ni mkono wa nani ulioifikisha sauti hiyo kwetu? Swali hili linanihusu kama mhakiki, na linanihusu pia kama mkazi wa Njiru, upande wa mashariki wa Nairobi, ambako nimeishi tangu mwaka 1996. Katika miaka hiyo yote nimesoma na kusomesha maandishi ya wanawake waliotabiri kwamba kompyuta na intaneti zingemkomboa mwanamke. Nimeyasoma usiku, kwa taa ya chemli stima ilipokatika, katika mtaa ambao kwa muda mrefu haukuwa na simu wala lami. Umbali uliopo kati ya kitabu na mtaa ndio uliozaa tafakuri hii.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza. Ahadi ya awali ya intaneti kwa wanawake ilijengwa juu ya taswira ya mwanamke anayeuvua mwili wake na kupaacha mahali pake, akabaki sauti inayosafiri. Taswira hiyo ina uzuri wake, lakini haikuwa na mengi ya kumwambia mwanamke wa Njiru. Kilichomfaa yeye kilikuwa mikono ya wanawake wengine, waliokaa kati yake na mashine, wakaandika, wakatuma, wakapokea na kusoma kwa niaba yake. Kazi hiyo haikuitwa uandishi, wala haikuitwa ufundi. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili, kupitia neno lenyewe mtandao, kinatupa njia ya kuiona kazi hiyo na kuipa jina.

Ahadi na Walioiahidi

Nairobi haikuwa mgeni wa mazungumzo haya. Mnamo Julai 1985 Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa Kuhusu Wanawake ulifanyika katika jiji hili, na kandoni mwake likakutana, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali lililohudhuriwa na watu zaidi ya elfu kumi. Sehemu mojawapo ya jukwaa hilo ilikuwa maonyesho ya teknolojia zinazowafaa wanawake: majiko, nishati, usindikaji wa vyakula, njia za mawasiliano. Katika lugha ya maonyesho yale teknolojia ilikuwa kitu cha kushikwa kwa mkono, nayo ilipimwa kwa mzigo iliompunguzia mwanamke. Mwaka huo huo Donna Haraway alichapisha huko Marekani insha yake mashuhuri kuhusu kiumbe aliye nusu mtu na nusu mashine, akimhimiza mwanamke asiione mashine kuwa adui wala asikimbilie kujificha katika dhana ya asili. Matukio hayo mawili yalitukia katika mwaka mmoja bila kujuana.

Kilichofuata katika nadharia kilitoka zaidi kwa Haraway kuliko kwenye maonyesho ya Nairobi. Mwaka 1991 wasanii wanne wa kike wa Adelaide, Australia, waliojiita VNS Matrix, walitoa ilani ya ufeministi wa enzi ya kompyuta. Mwaka 1997 Sadie Plant wa Uingereza akachapisha kitabu chake Zeros + Ones, ambamo alidai kwamba kompyuta ina nasaba na ufumaji, na kwamba kwa hiyo mwanamke si mgeni katika nyumba ya mashine bali ni mwenyeji wake wa kale. Ushahidi wake mkuu ulikuwa Ada Lovelace, ambaye katika maelezo yake ya mwaka 1843 aliilinganisha mashine ya hesabu ya Charles Babbage na kitanda cha kufumia cha Jacquard, kilichoongozwa na kadi zenye matundu. Kwa Plant, mtandao wa kompyuta ulikuwa nguo ambayo wanawake wamekuwa wakiifuma daima.

Kati ya ilani na kitabu hicho ulikuja mkutano wa Beijing, Septemba 1995. Azimio la Utekelezaji lililotoka huko liliweka vyombo vya habari kuwa mojawapo ya maeneo 12 ya kushughulikiwa, na lengo la kwanza la eneo hilo lilitaja wazi ushiriki wa wanawake katika teknolojia mpya za mawasiliano. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mawasiliano ya kompyuta katika jukwaa la mashirika huko Beijing yaliendeshwa na kikosi cha wanawake watupu, wapatao 40, kutoka nchi mbalimbali, chini ya mpango wa wanawake ulioanzishwa na mtandao wa APC mwaka 1993. Walivuta nyaya, wakafundisha, wakapokea na kutuma habari. Historia ya fikra inamkumbuka Plant kwa jina. Wale 40 inawakumbuka kwa idadi.

Njia ya Kuja Mashariki

Huku kwetu teknolojia hiyo iliingia kwa mlango wa mashirika. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi lilikuwa na kituo cha FidoNet, mfumo uliokusanya ujumbe, ukaulimbikiza, kisha ukaupeleka kwa wakati mmoja kupitia laini ya kawaida ya simu. Barua ilisafiri kwa mruko, kama abiria anayengoja matatu ijae. Mashirika ya wanawake yaliyokuwa na makao Nairobi, kama FEMNET lililoanzishwa mwaka 1988, yalikuwa yamekwisha kujenga mawasiliano yao kwa posta, simu na majarida kabla kompyuta haijafika.

Kisha ilikuja biashara. Africa Online ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wakisoma Marekani, mmoja wao mwanamke, Amolo Ng'weno, binti wa mhariri mashuhuri Hilary Ng'weno. Ni jambo la kujivunia kwamba katika msingi wa intaneti ya kibiashara ya Kenya palikuwa na mkono wa mwanamke. Hata hivyo, mhakiki hawezi kulitenga jambo hilo na swali la tabaka. Wakati huo simu zote zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, ambalo mwaka 1995 liliitazama biashara hiyo mpya kama uvunjaji wa ukiritimba wake. Kuelekea mwisho wa muongo, nchi ilikuwa na takriban laini moja ya simu kwa kila watu mia, na laini hizo hazikugawanywa sawasawa kati ya Westlands na Njiru.

Njiru ya wakati ule ilikuwa ukingo wa jiji. Machimbo ya mawe yaliyolijenga jiji yalikuwa huku, Mto Nairobi ulipita ukiwa umebeba uchafu wa mitaa yote iliyoutangulia, na Barabara ya Kangundo ilikuwa uti wa mgongo wetu pekee. Mvua iliponyesha, udongo mweusi ulivifuata viatu hadi mjini. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ndogo ya Njiru ilihesabiwa kuwa na watu 626,482, idadi inayoshinda ya miji mingi mikubwa ya Kenya. Lakini katika miaka ninayoizungumzia, mtu aliyekuwa na jambo la kuandikia ulimwengu alihitaji kwanza mtu wa kumwandikia, na pili sanduku la posta la kuazima, la kanisa au la shule.

Mpiga Chapa

Hapo ndipo anapoingia mwanamke ambaye nitamwita kwa kazi yake tu, mpiga chapa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja karibu na steji, kati ya kinyozi na muuza makaa. Alianza na taipureta, na mwaka 1998 akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini kwa watu. Simu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni utaratibu. Siku za Jumanne na Ijumaa alipanda matatu hadi mjini akiwa na disketi mkobani, akaingia katika ofisi moja iliyokuwa na intaneti, akatuma barua za wateja wake, akachapisha majibu, akarudi nayo. Anwani ya barua pepe ilikuwa moja, yake, nayo ilitumiwa na watu wengi, sawa na lile sanduku la posta la kanisa. Mama aliyekuwa na binti muuguzi Uingereza, kijana aliyeomba nafasi ya chuo, kikundi cha akina mama waliotafuta mnunuzi wa vyondo, wote walikuwa mtu mmoja katika anwani ile. Nadharia ilituahidi kwamba katika intaneti mtu mmoja angeweza kuwa wengi. Katika chumba kile niliona wengi wakiwa mmoja, na yule mmoja akizitunza siri za wote.

Wateja wake wengi walikuwa wanawake, na walimwendea kwa sababu alikuwa mwanamke. Barua za ndoa, za watoto waliopotea mjini, za kudai matunzo, hazikupelekwa kwa karani mwanamume pale mahakamani. Mimi nilimpelekea makala zangu, naye aliniita Mwalimu, nami nilimwita Dada, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Nikisubiri zamu yangu niliyasikia mengi. Siku moja aliingia mjane mmoja aliyekuwa na cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, ambayo sitaitaja. Mumewe alikuwa amelipia ploti, akafariki, na sasa katika ploti ile palikuwa na msingi wa nyumba ya mtu mwingine. Mjane alianza kusema ili yaandikwe:

"Andika kwamba naomba wanisaidie, mimi ni mama tu, sina mtu."

Mpiga chapa aliondoa vidole kwenye mashine.

"Mama, mtu haombi kilicho chake. Tuandike unadai. Na tuandike nambari ya cheti kwanza, kabla ya jina lako."

"Hawatakasirika?"

"Wakikasirika watajibu, Mama. Wakikuhurumia, watanyamaza."

Barua iliyotoka ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilitaja cheti na tarehe ya malipo, ya pili ilitaja kifo na urithi, ya tatu ilidai jibu kwa maandishi. Mjane alisomewa, akacheka kidogo kwa mshangao wa kujisikia akisema vile, kisha akatia kidole gumba. Nakala ilibaki kwenye disketi. Zilifuata barua nyingine nyingi, nyingine kwa posta, nyingine kwa barua pepe kupitia kwa mpwa aliyekuwa ng'ambo na aliyekuwa na rafiki wakili. Mwaka 2003 mjane yule alitia ua ploti yake. Kilichomsaidia zaidi, kama alivyoeleza mwenyewe, ni lile rundo la nakala zenye tarehe. Kampuni iliposema haikuwahi kumsikia, yeye aliweza kuonyesha kila mara aliyosema.

Nimeisimulia barua hiyo kwa sababu inaleta tatizo ambalo mhakiki anapaswa kulijua. Mwandishi wake ni nani? Mambo ni ya mjane, na kidole ni chake. Lakini badiliko la kitenzi kutoka kuomba hadi kudai, ambalo ndilo tendo la kifeministi katika matini ile, limefanywa na mpiga chapa. Naye hakulifanya kwa kumnyang'anya mjane sauti. Alimpa sauti aliyokuwa na haki nayo, akamwachia uamuzi wa kutia kidole. Tungekuwa na matini hii katika tendi za mwambao tungeijadili kwa miaka. Tunajua kwamba Mwana Kupona binti Msham alimwandikia bintiye utendi wake mnamo 1858, na kwamba utendi huo ulitufikia kwa kunakiliwa tena na tena kwa mkono. Tunaheshimu mikono iliyonakili hata tusipowajua wenye mikono. Sioni sababu ya kuinyima heshima hiyo mikono iliyonakili maisha ya Njiru kwa disketi.

Tamthilia yetu pia imekwisha kulitazama jambo hili kwa njia yake. Katika Nguzo Mama, ya mwaka 1982, Penina Muhando anawaonyesha wanawake wa kijiji cha Patata wakihangaika kuisimamisha nguzo, na nguzo inawashinda kwa kuwa nguvu zao hazikutani. Nguzo ni taswira ya kitu kimoja kikubwa kinachoinuliwa mara moja mbele ya macho ya watu. Nikiutazama ukombozi mdogo niliouona katika chumba cha mpiga chapa, naona kwamba unahitaji taswira nyingine, ya kazi ndogo inayorudiwa hadi ikawa kitu. Taswira hiyo ipo, na imekuwa ikitungoja ndani ya neno.

Neno na Uzi

Neno mtandao halikuletwa na kompyuta. Shirika la wanawake lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1993 linajulikana kwa Kiswahili kama Mtandao wa Jinsia Tanzania. Kwa hiyo wanawake walikuwa wakilitumia kwa maana ya watu walioshikana kabla wengi wetu hatujalisikia kwa maana ya nyaya. Mzizi wake ni tanda. Wingu hutanda. Mwanamke hujitanda kanga, na kitambaa cha kujitandia ni mtandio. Wafumaji wa zamani wa mwambao walizitanda nyuzi za urefu na kuziita mtande, wakazipitishia zile za kukatiza, mshindio, na chombo chao kikaitwa kitanda cha mfumi. Buibui naye ni mdudu anayetanda utando wake, na ni vazi jeusi ambalo wanawake wa pwani wamejifunika kwalo. Mtandao, mtandio, mtande, kitanda: maneno haya yamekaa jirani katika kamusi kama wake wa mtaa mmoja, na yote yananuka nguo.

Sidai kwamba waliolichagua neno mtandao waliyakusudia haya yote. Nadai tu kwamba lugha imetuwekea mbele ya macho uhusiano ambao Plant alilazimika kuutafuta katika maktaba. Na imetuwekea pia tofauti. Kwa Plant, ufumaji ni mali ya mwanamke tangu kale, na kwa hiyo kompyuta nayo ni yake. Katika miji ya mwambao mambo hayakuwa hivyo. Huko Mogadishu, kwa mfano, mji uliosifika kwa nguo zake, wanawake ndio waliosokota pamba ikawa uzi, na wanaume ndio walioketi kitandani pa mfumi. Aliyeketi kitandani aliitwa mfumi, na nguo ilijulikana kuwa yake. Aliyesokota hakuwa na jina katika nguo, ingawa bila uzi wake kitanda ni mbao tupu.

Tofauti hii inatuondoa katika swali la kama mwanamke ni mwenyeji au mgeni katika mashine, ikatuingiza katika swali la nani anasokota na nani anaitwa mfumi. Na tukishaliuliza, tunaona kwamba halikuwa swali la mwambao pekee. Mwaka 1946, kompyuta ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa watu huko Marekani, wanawake sita waliokuwa wameitungia programu hawakutambulishwa. Kitanda kilisifiwa, wafumi wakasifiwa, na uzi ukachukuliwa kana kwamba uliota wenyewe.

Marehemu mama yangu, mzaliwa wa Kangundo, mwisho wa barabara ile ile inayopita Njiru, angelielewa swali hili bila kueleweshwa. Alisokota katani juu ya paja lake na kusuka kiondo huku akitembea kwenda sokoni, kama walivyofanya wanawake wengi wa Ukambani. Vyondo vyao vilipata soko ng'ambo katika miaka ya themanini, na katika maduka ya huko viliitwa kwa majina ya wauzaji. Lakini kikundi chake cha mwethya kiliweka daftari. Ndani yake ilikuwa imeandikwa nani alisuka nini, kwa siku ngapi. Daftari lile, kwa maoni yangu, ni matini ya kifeministi iliyo kamili kuliko ilani nyingi, kwa kuwa haikuahidi kitu bali ilitaja majina.

Mwili Unarudi

Baada ya mwaka 2000 mambo yalikwenda kasi. Simu za mkononi zilienea, vibanda vya intaneti ambavyo watu waliviita saiba vikafunguliwa hadi Njiru, na mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa. Mpiga chapa alifungua saiba yake, kisha simu zikamnyang'anya wateja, naye akageukia kuwajazia watu fomu za serikali zilizohamia mtandaoni, kazi ambayo saiba za Nairobi zinaendelea kuifanya. Wanawake wa Kenya walionekana sasa katika safu ya mbele. Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jukwaa lililokusanya taarifa za ghasia za Januari 2008, likapewa jina la Kiswahili, Ushahidi. Mwaka 2010 wanawake wanne waliasisi AkiraChix jijini Nairobi ili wasichana wa familia za kipato cha chini wajifunze kuunda programu. Ingekuwa dhuluma kusema kwamba ahadi haikutimia hata kidogo.

Lakini ile sehemu ya ahadi iliyosema kwamba mwili ungesahaulika, hiyo haikutimia kabisa. Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo na wanaume kwenye steji ya matatu jijini Nairobi, wakidai amevaa vibaya, na picha zake zikasambazwa kwa simu. Mtandao uliotarajiwa kumwondolea mwanamke mzigo wa kutazamwa ukawa macho elfu ya kumtazama. Hata hivyo, ni kwa mtandao huo huo kikundi cha akina mama wa Kilimani kilichokuwa kikizungumza malezi na maisha ya nyumbani kiliitisha maandamano, na tarehe 17 mwezi huo wanawake wakatembea kutoka Uhuru Park hadi mjini wakitangaza kwamba nguo ya mtu ni hiari yake. Mwezi uliofuata, marekebisho ya sheria yaliufanya uvuaji wa nguo wa aina hiyo kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka kumi. Nilipokuwa katika matatu ya kurudi Njiru jioni ya siku ya maandamano, wanawake wengi ndani yake walikuwa wamejitanda leso juu ya nguo zao za kazini. Sikumwuliza yeyote kama ni baridi au ni hofu. Mtandao na mtandio vilikuwa pamoja katika gari moja, na jibu lilikuwa wazi.

Mnamo tarehe 27 Januari 2024, wanawake waliandamana tena, Nairobi na katika miji mingine, safari hii dhidi ya mauaji ya wanawake. Majina ya waliouawa yalikusanywa na kusambazwa mtandaoni, kisha yakabebwa barabarani. Hapo naona mtande na mshindio. Uzi wa simu peke yake haukuwa nguo, na uzi wa barabara peke yake haukuwa nguo.

Wasokotaji Wapya

Kuna uzi mwingine unaosokotwa jijini mwetu ambao wafumi wake wako mbali. Mwaka 2008 Leila Janah, mwanamke wa Marekani, alianzisha Samasource, baadaye Sama, kwa imani kwamba kazi ndogondogo za kidijitali zingewatoa maskini katika umaskini. Nairobi ikawa kituo chake kikubwa. Vijana, wake kwa waume, waliketi mbele ya kompyuta wakitia alama picha na maneno ili mashine zijifunze, na baadaye wakichuja matini na picha za ukatili ili zisiwafikie watumiaji wa mitandao ya kijamii. Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, alizishtaki Meta na Sama katika mahakama ya kazi ya Nairobi. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi waliochuja matini kwa ajili ya kuifundisha programu ya OpenAI walilipwa chini ya dola mbili kwa saa.

Nawajua wasichana wa mtaa wangu waliofanya kazi za aina hii. Husoma kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi. Huamua kama sentensi ni utani au ni tishio, kama neno ni jina au ni tusi, nao huamua kwa sekunde chache, mamia ya mara kwa siku. Hiyo ni kazi ya uhakiki. Inafanywa na wasomaji wa Kiswahili na Kiingereza na Sheng wenye masikio makali, na mazao yake yamefumwa katika mashine ambazo dunia nzima inazistaajabia. Kitanda kinasifiwa tena. Wafumi wanajulikana tena. Na msokotaji, ambaye huenda amepanda matatu ya alfajiri kutoka Njiru, hana jina katika nguo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ahadi ya intaneti kwa mwanamke haipimwi vizuri kwa kuuliza kama ameingia mtandaoni au bado. Mwanamke wa Njiru aliingia zamani, kwa anwani ya kuazima na kwa mkono wa mwanamke mwenziwe, na baadaye kwa simu yake mwenyewe. Kipimo kilicho bora ni viwili. Cha kwanza ni kama nguo inayofumwa inamsitiri aliye safarini kurudi nyumbani. Cha pili ni kama jina la aliyesokota limeandikwa katika daftari.

Kwa kipimo cha kwanza wanaharakati wametutangulia, nasi hatuna la kuwafundisha. Cha pili kinatuangukia sisi tulio katika idara za fasihi, kwa kuwa kutaja mwandishi ni kazi yetu. Tumewafundisha wanafunzi kuhoji sauti ya msimulizi, na tumefanya vyema. Sasa tuwafundishe kusoma barua iliyopigwa chapa, fomu iliyojazwa na mwingine, matini iliyochujwa, na kuuliza katika kila moja ni nani aliyebadilisha kitenzi. Disketi za mpiga chapa bado zipo, zimefungwa katika mfuko wa nailoni, nyingi zimeliwa na ukungu. Nimemwomba ruhusa tuzihamishe zinazosomeka, kwa idhini ya wenye barua walio hai. Amekubali kwa sharti moja, kwamba juu ya kila nakala tuandike majina mawili, la aliyesema na la aliyeandika. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili ameanza kazi hiyo muhula huu.